Ndoo ya Kipaza kwenye Foleni ya Zahanati

Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga. Nimesagia watu unga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na mashine yangu ikinguruma hata radi inaomba ruhusa kwanza. Kwa hiyo nikikwambia kwamba shemeji yangu ana sauti, niamini. Ni mke wa marehemu kaka yangu, anapika sabuni, na kijiji kizima kinamwita Kipaza. Akinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, namsikia nikiwa ndani na mashine inakwenda, na ole wangu nisipoitikia.

Sabuni yake anaipikia nyuma ya nyumba, kwenye pipa lililokatwa nusu. Ana mti mrefu wa kukorogea ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Sabuni ikiganda anaikata kwa waya, anaipanga miche yake kwenye ndoo, anajitwika na kuitembeza nyumba kwa nyumba. Sasa mtu anayetembeza kitu nyumba kwa nyumba anaona mengi. Anajua nani hasemi na nani, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani, na yule aliyemuaga mkewe kuwa anakwenda kupalilia alikuwa amejilaza wapi. Na akijua Kipaza, umejua na wewe. Si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Ni kwamba mdomo wake hauna breki. Ukimpa siri asubuhi, kabla ya saa ya chakula siri hiyo imeshakurudia nyumbani, tena imetiwa chumvi.

Ndoo yake hiyo ndiyo ninayotaka uikumbuke. Ni ya bluu. Siku moja ilimwagikiwa sabuni ya moto ikayeyuka ubavuni, pakabaki kovu pana. Mpini ulipokatika akatia waya, akauzungushia kitambaa chekundu usimkate mkono. Na ujue kwamba kwangu watu hawapangi foleni kwa miguu. Mtu anaweka ndoo yake ya mahindi kwenye mstari, anaondoka zake kupiga soga kivulini, anarudi ndoo ikikaribia mashine. Ndivyo tulivyozoea miaka yote, na ndiyo maana mtu wa kijiji hiki haulizi ndoo ile ya nani. Anaitazama tu na kumjua mwenyewe, baba yake na deni lake la mwaka jana.

Kipaza ana binti mmoja tu, aliyeolewa na fundi wa baiskeli. Fundi huyo tunamwita Pancha. Ni kijana mpole, mchapakazi, na aibu yake ni ya kupitiliza. Akikutana na mama mkwe njiani anaweza kuingia kichakani akajifanya anatafuta kuni. Mimi kwa binti yule ni baba mdogo, na huzuni yao niliijua. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili ilifika mwisho, mtoto akazaliwa kimya. Waswahili wenzangu hapo wakaanza maneno yao ya uchawi na macho ya watu. Kisha ikaja mimba ya tatu, na binti akawahi zahanati mapema.

Pale zahanati alikuwa amehamia nesi mpya, mwanamke kijana asiyependa kukaa. Nesi huyo alikuwa na hasira zake. Alisema miaka yote watu wameimbiwa nyimbo za ugonjwa mmoja mkubwa, na huku kaswende, kisonono na ndugu zao wamekaa kimya vijijini wanakula watu, kwa sababu hakuna anayepima. Sasa amepata vipimo vidogo. Tone la damu la kidole, chai yako haijapoa, majibu yameshatoka. Akampima binti yetu, akamkuta na kaswende.

Alimchoma sindano siku ileile. Akamwambia dawa itamlinda yeye na mtoto tumboni, lakini mumewe asipotibiwa atamrudishia ugonjwa, na mtoto atakuwa hatarini tena. Ndiyo shida yote ilipokuwa. Binti akamwambia mumewe. Pancha akajibu kwamba yeye hawashwi, haumwi, hana hata kipele, sasa akapimwe nini.

Binti akakosa pa kwenda, akamwambia mama yake. Fikiria. Akamwapisha asimwambie mtu, kisha akarudi kwake kulia, maana ni nani aliyewahi kumwapisha Kipaza ikasaidia? Na hapo shemeji yangu alitushangaza sote. Alinyamaza. Alipita mashineni akasalimia na kuondoka, mimi nikadhani kafiwa. Pipa zima la sabuni likamharibikia, likabaki uji. Mwishowe alinivuta nyuma ya mashine akaninong'oneza, na mnong'ono wa Kipaza ni sauti ya kawaida ya mtu mwingine. Alisema ananiambia kwa kuwa mimi ni baba wa yule binti, na nisipokwenda kuongea na Pancha, yeye atapasuka.

Nilikwenda. Nilimkuta Pancha ameinama kwenye beseni anatafuta tundu la tyubu. Nilipotaja hali ya hewa aliitikia. Nilipotaja nesi, alizamisha tyubu na mikono hadi viwiko, akatazama mapovu kama mtu anayesoma gazeti. Nikabaki namsemesha kisogo chake. Nilipochoka akasema, kwa sauti ndogo sana, "Baba, nitakaaje kwenye benchi lile?"

Benchi lile nalijua. Zahanati na mashine yangu vinatazamana, barabara iko katikati. Kipimo kiko chumba cha mwisho cha baraza, na mbele ya chumba hicho kuna benchi. Ukikaa pale, wateja wangu wote wanakutazama, na hawana kazi nyingine mpaka mahindi yao yaishe kusagwa. Macho yetu si mavivu, sitakudanganya. Nesi alitangaza kupima bure kijiji kizima, siku zikapita, benchi likakaliwa na kuku.

Ndipo nesi akaja kusaga mahindi yake. Akaona mstari wa ndoo, watu hakuna. Akaniuliza wako wapi, nikamwelekeza kivulini. Akasimama akiwaza, kisha akacheka peke yake. Siku ya mkutano wa kijiji akasimama akatuambia: kuanzia kesho anayetaka kupima alete ndoo tupu, aiweke barazani kwenye mstari, aende zake. Ndoo ikifika mlangoni aje, aingie, atoke. Hakuna kukaa benchi, hakuna kutazamwa. Mkutano ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti alipiga makofi, mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma. Sisi wote, watu tuliozaliwa tukisoma ndoo, hakuna hata mmoja aliyekumbuka.

Asubuhi nilipofungua mashine, baraza ya zahanati imejaa ndoo mpaka kwenye ngazi. Wateja wangu wakajipanga ukingo wa barabara, tukaanza kusoma. Ile ya rangi nyeupe ya mwalimu mkuu. Ile ya mwenyekiti. Ile ya bibi mmoja mkongwe ambaye tangu masika hajatoka kitandani. Halafu nikaona ya kijani isiyo na mfuniko, ninayotilia pumba. Yangu. Mke wangu alikuwa amesimama ubavuni kwangu, akaitazama ndoo, kisha akanitazama mimi. Nilimwapia kwa kila kinachoapiwa.

Kidogo kidogo tukaelewa. Hakuna aliyeleta ndoo yake mwenyewe. Kila mwenye aibu alikuwa amepita alfajiri uani kwa jirani, akabeba ndoo isiyo yake, akaiweka kwenye foleni ya kaswende na kwenda kujificha. Mwalimu mkuu akaja mbio na chaki mkononi kuichukua yake. Mwenyekiti akatuma mjumbe. Waliozileta, waliokuwa wamejificha kwenye mashamba ya mahindi, hawawezi kutoka kusema ngoja, hiyo ni zamu yangu. Mstari ukabomoka huku tunautazama. Na ndoo ya mbele kabisa, iliyogusa mlango, ilikuwa ya bluu, ina kovu ubavuni na kitambaa chekundu kwenye mpini.

Habari ilimfikia Kipaza haraka. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuipokea habari badala ya kuileta. Alikuja na khanga imefungwa kiunoni, na watu wakampisha. Alivuka barabara bila kututazama, akasimama juu ya ndoo yake.

Alisema ndoo ni yake, haikani, ila hakuileta yeye. Alisema yeye ni mjane wa heshima, tangu amzike mumewe hajui hata kiganja cha mwanamume kina joto gani. Nesi akafungua mlango na kuita mwenye ndoo ya kwanza. Kipaza akageuka, akatutazama wote tuliokenua meno ng'ambo ya barabara, akasema, "Haya. Nipimeni. Na majibu yangu myabandike hapa mlangoni, wasome."

Akaingia, akatoka ameshika pamba kidoleni, akakaa kwenye benchi kusubiri, huku anatuhutubia. Alituita wambeya. Yeye. Alisema watu wa kijiji hiki hawana kazi isipokuwa kuchunguza mambo ya wenzao, na wateja wangu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha nesi akamwita ndani tena, na mlango ukafungwa.

Mlango ulikaa umefungwa. Kicheko kikaisha chenyewe, tukabaki tunautazama. Alipotoka hakusema neno. Aliokota ndoo yake, akaishika kwa mkono badala ya kujitwika, akapita mbele yetu akaenda nyumbani. Nesi hakubandika kitu wala hakumwambia mtu kitu, na hata leo ukimuuliza atakuuliza habari za mashine. Lakini Kipaza akinyamaza mbele za watu, hilo ni tangazo tosha.

Nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakoroga pipa ambalo chini yake hamna moto. Aliponiona akasema, "Shemeji, ninao."

Nilitafuta pa kukaa. Akanieleza kama alivyoelezwa, kwamba ugonjwa ule unaweza kulala mwilini miaka na miaka bila dalili, na kwamba nani alimletea nani si swali lenye faida tena. Lakini sote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, kaka yangu, aliyekuwa akisafiri miezi kwa kazi na kurudi na zawadi. Nilimpenda kaka yangu, na siku ile nilimkasirikia hukohuko kaburini aliko.

Kisha akaacha kukoroga. Baada ya yule binti, alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Nilikuwepo kwenye mazishi yote. Akasema, "Wale watoto, shemeji, nilimsingizia mama yako. Nilisema ni mchawi. Amekufa sijampelekea hata maji."

Nesi alimwambia hawezi kujua kwa hakika kilichowaua wale wachanga, zamani ni zamani. Lakini Kipaza alishajua vya kutosha. Alilia, na mimi nikalia naye, mtu mzima na mvi zangu, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya wale wadogo. Nilipopata sauti nikamshauri anyamaze. Ameshachomwa sindano ya kwanza, amalizie nyingine, watu watasema wiki mbili wachoke. Akafuta pua kwa pindo la khanga. Akasema mdomo huu umetangaza mambo ya kila mtu, leo la kwake ndiyo aufunge? Na yule mwingine, akasema, aliyeko tumboni kwa binti yake, atamngoja nani?

Kesho yake foleni kwangu ilikuwa ndefu, maana watu walikuja hata na mahindi mabichi ili mradi wasipitwe. Kipaza akafika na ndoo ya bluu kichwani. Akaniashiria nizime mashine. Sizimi mashine katikati ya mahindi ya mtu, hata angekuja nani. Nikazima.

"Mlitaka majibu," akasema. "Ninayo kaswende. Nimekaa nayo miaka sijui, hainiwashi, hainiumi. Nimechomwa sindano tako hili, na wiki ijayo nachomwa lile. Aliyeipeleka ndoo yangu kule, namshukuru. Mficha uchi hazai. Na mimi wajukuu nawataka."

Jina la binti yake halikutoka mdomoni. Nakuhakikishia halikutoka siku ile wala siku nyingine, na mimi nakusimulia kwa sababu binti mwenyewe siku hizi anawasimulia wajawazito wenzake kliniki. Kipaza alivuka barabara, akaketi kwenye lile benchi, akatoa miche ya sabuni akaipanga pembeni yake. Akatangaza kwamba kuanzia leo hatembezi. Anayetaka sabuni amfuate hapa.

Mwanzoni tuliona kachanganyikiwa. Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa, nilieleweshwa na mke wangu. Ukionekana umekaa benchi la zahanati sasa, umefuata nini? Sabuni. Ukichelewa kuondoka? Unapunguziwa bei. Ukionekana unaingia chumba cha mwisho? Umekwenda kuomba chenji kwa nesi. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kuishiwa sabuni. Mwenyekiti akaja mwenyewe, hakutuma mjumbe. Wanawake walikuja makundi makundi, wakakaa, wakacheka, wakaingia mmoja mmoja. Waliotakiwa kurudia sindano wakawa wateja wa kila wiki. Kijiji kikang'aa. Watoto waliogeshwa mpaka wakalalamika, na mashati ya watu yakapauka kwa kufuliwa bila sababu.

Kipaza aliwaona wote wakiingia, akawaona na sura zao wakitoka. Nami nilikuwa nangojea, nasema leo atashindwa, leo breki zitakatika. Hakusema la mtu hata mmoja. Nilipomchokoza anidokezee kuhusu mwenyekiti, alinitazama akasema, "Siri ya mtungi aijuaye kata, shemeji. Wewe saga."

Lakini mtu aliyekuwa akimngoja hakuja. Kila jioni nilimwona akifunga ndoo yake huku anatazama njia ya kwa fundi, na tumbo la binti linakua. Alikuwa ameanza kukonda. Kisha siku moja, jua la mchana, watu wachache, nikamwona Pancha anakuja anaikokota baiskeli isiyo na pancha. Aliiegemeza kwenye nguzo. Akasimama mbele ya mama mkwe wake, kichwa kimeinama mpaka kidevu kiko kifuani. Nilizima mashine. Ndiyo, nilizima kusudi nisikie, nihukumu ukitaka.

"Mama," akasema, "ile ndoo niliipeleka mimi."

"Najua," Kipaza akajibu. "Nilikuona siku ile umejibanza nyuma ya tangi la maji. Miguu yako ilikuwa nje."

Pancha akakosa pa kuweka mikono. Kumbe alikuwa ameamua kupima tangu siku ile ya ndoo, akaiba ya mama mkwe kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu uani, na alipomwona mwenyewe anatokea, roho yake yote ikamwishia hukohuko nyuma ya tangi. Kipaza hakumgombeza. Alisogea kidogo, akapiga kiganja kwenye benchi, pale pembeni yake. Kijana aliyekuwa anaingia kichakani asikutane naye njiani akakaa bega kwa bega na mama mkwe, mbele ya kijiji, akingoja kuitwa.

Sijui nesi alimkuta na nini, na sikuuliza. Najua alitoka na mche wa sabuni mkononi, akapanda baiskeli yake, akaendesha mpaka kwake amesimama, hakukalia kiti hata kwenye mteremko. Siku iliyofuata mke wangu aliniuliza na mimi nangoja nini. Nikamwambia nyumbani tuna sabuni ya kutosha mwaka mzima. Akasema twende. Tulikwenda wote wawili, na kwa kuwa naogopa sindano, nilimshika Kipaza mkono wakati natobolewa kidole, na hilo alilitangaza kabla sijavuka barabara kurudi kazini.

Binti alijifungulia palepale zahanati, siku ambayo mashine yangu ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Watu walijua yuko ndani. Walijua pia yule wa mwisho alivyozaliwa, kwa hiyo hakuna aliyekaa kivulini, kila mtu alisimama karibu na ndoo yake. Pancha alikuwa barazani anazungusha gurudumu la baiskeli kwa kidole, linazunguka, linasimama, analizungusha tena. Mimi nilisaga nisichokiona.

Mlango ukafunguliwa, Kipaza akatoka. Alivuka barabara polepole, na uso wake haukuniambia kitu. Nilisema moyoni, jamani, si mara ya tatu. Alifika mlangoni kwangu, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Kipaza, sauti haikutoka. Akaonyesha mashine kwa mkono.

Nikazima. Mkanda ukajipigapiga, ukasimama, kukawa kimya mahali ambapo hapajawahi kuwa kimya saa ile. Na kutoka chumba cha mwisho cha baraza, kuvuka barabara, tukamsikia mtoto analia. Alilia kwa hasira, kwa nguvu zote, akivuta pumzi na kuanza upya.

"Haya," shemeji yangu akasema, machozi yanamtiririka, "leo sitangazi mimi."

Mtoto akaendelea. Tulisimama pale na mahindi yetu, na kwa sauti ile hakuna aliyehitaji kuuliza ni mjukuu wa nani.